Presha ya Bi Tabia

Mahfoudh alijaaliwa sauti ya muadhini, na kwa mtu anayeuza bima katika chumba kimoja kile kipaji kilikuwa balaa tupu. Kiofisi chake kipo nyuma ya soko la Darajani: meza, feni, kompyuta na viti vinne vya plastiki. Asubuhi ile viti vyote vilikuwa na watu. Bi Tabia, mstaafu wa posta, mkaazi wa Mkunazini, alikaa cha mwisho na mkoba wake mapajani, na ubavuni pake mwanawe Ridhwan. Viti vingine vilikaliwa na dereva wa gari ya abiria ya shamba aliyefuata bima ya gari, na mzee mmoja ambaye zamani alikuwa haishi kuja dirishani kwa Bi Tabia kununua stempu.

"Swali linalofuata," Mahfoudh alisoma, macho kwenye kompyuta. "Umewahi kuharibu mimba?"

Dereva aliinamia viatu vyake. Yule mzee akakohoa.

"Sina," alijibu Bi Tabia.

"Hapa mama unajibu ndiyo au hapana."

"Hapana basi. Twende mbele."

Zilimharibikia mbili kabla hajampata mtoto wake wa kwanza. Lakini jamani, mwanamke aliyelelewa akaleleka atalisemaje jambo hilo mbele ya mwanawe wa kiume, na mzee wa stempu, na mwanamme wa gari ya shamba? Mahfoudh hakuwaza hayo. Aliendelea kutangaza: kifua, moyo, ini, sukari, haja ndogo usiku anakwenda mara ngapi. Bi Tabia akawa anajibu hapana, hapana, kwa ile sauti ya watu wa Unguja wanapoulizwa hali wakasema hawajambo, alhamdulillahi, hata kama wamebebwa kwenye machela.

"Presha?"

Ridhwan aligeuka akamtazama mama yake. Yeye ndiye anayekwenda duka la dawa kila mwezi kumchukulia vidonge.

"Hapana," alisema Bi Tabia, na Mahfoudh akabonyeza.

Walipotoka nje, Ridhwan alifungua mdomo.

"Nyamaza," mama yake akamwahi.

"Sijasema kitu, mama."

"Ulikuwa unataka kusema."

"Nnataka kusema umefanya vizuri. Kila mtu anaandika hapana. Mahfoudh mwenyewe kaniambia jana, ukiandika ndiyo hupati."

Bi Tabia alikaza ushungi wake akatangulia, na kwa namna alivyokuwa akitembea, watu walimpisha.

Haya yote yalikuwa kwa ajili ya Yusra. Yusra ndiye mtoto wake wa kwanza, ameolewa na Anwar, kijana wa Makunduchi, na wote wawili wanaishi Ulaya katika mji mdogo ambao Bi Tabia hajaweza kulitamka jina lake. Anwar anapakia mikate kiwandani. Mama yake Anwar alishafariki, dada hana, na katika mji ule Mswahili mwengine hakuna. Sasa Yusra ana mimba ya kwanza, na atazaa peke yake miongoni mwa watu ambao, kwa maelezo yake, mzazi humpa chai ya baridi na kumwambia akaoge mwenyewe. Bi Tabia aliapa. Mwanawe hatokaa arobaini bila ya mama.

Viza ya matembezi ilikuwa haitoshi. Alitaka kufika kabla, amzalishe, amlee, amrudishe kwenye miguu yake. Kwa hiyo walimwambia aombe viza ya kukaa muda mrefu, na viza hiyo ina sharti lake: bima ya afya ya binafsi, ya muda wote wa kukaa, yenye kugharamia kila kitu bila ya kutoa hata ugonjwa mmoja. Yusra na Anwar walidunduliza wakaleta pesa. Miadi ya kituo cha viza Dar es Salaam ilishapatikana. Kilichobaki kilikuwa bima tu.

Na Yusra, masikini, alikuwa hajui kama mama yake ana presha. Hapa nyumbani mtu aliye ugenini haambiwi maradhi. Ataambiwa ili iweje? Apande ndege? Atalia tu kule, na huku huna la kumsaidia. Bi Tabia alipolazwa Mnazi Mmoja mwaka jana, Yusra alipiga simu kila siku, na kila siku Ridhwan alimwambia simu ya mama imeingia maji.

*

Bima ilitoka, karatasi nzuri ya rangi, jina la Bi Tabia kwa herufi kubwa. Alinunua sweta la mtumba. Alinunua na soksi za sufu, akazijaribu sebuleni kwenye joto la mchana hadi Ridhwan akacheka machozi yakamtoka.

Ijumaa, baada ya sala, Yusra akapiga.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Tumbo lasemaje?"

"Zuri tu. Miguu ndiyo imevimba. Viatu vyote vimenikataa, navaa makubadhi ya Anwar."

"Kichwa hakikuumi?"

"Kinauma. Basi jana huko kliniki mkunga akanipima presha, akapima tena, akaniuliza kwetu kuna mtu mwenye presha? Nikamwambia hakuna. Baba alikufa kwa ajali, na mama yangu mzima, ananishinda hata mimi." Yusra alicheka. "Akasema basi labda ni uchovu, nirudi wiki ijayo anitazame tena."

Bi Tabia alikuwa anachambua mchele. Aliusukuma ungo pembeni. Ridhwan, aliyekuwa mlangoni anavaa viatu arudi kazini kwake Fumba, alisimama na kiatu kimoja mkononi, kwa sababu aliuona uso wa mama yake.

"Yusra. Umekaa?"

"Nimelala."

"Inuka ukae. Nina presha mimi."

"Mama, acha mzaha."

"Si mzaha. Mimba yako wewe ndiyo iliyoniletea. Nilianza hivyo hivyo, miguu, halafu kichwa. Siku moja nikaanguka jikoni, kifafa cha mimba. Nilizinduka Mnazi Mmoja siku ya pili, wewe umeshatolewa. Na tangu siku hiyo presha haijaniacha, nakunywa vidonge mpaka leo."

Sauti ya Yusra ikaja nyembamba.

"Miaka yote hii? Kila siku nakuuliza hali, mama. Kila siku!"

"Utanigombeza baadaye. Vaa hayo makubadhi, mwite Anwar, nendeni kwa huyo mkunga sasa hivi. Si wiki ijayo. Mwambie mama yangu ana presha, mwambie aliangukia jikoni. Unanisikia?"

"Ridhwan anajua?"

"Anajua."

Simu ikakatika. Bi Tabia aliishika mkononi akaiangalia, akaona haya, haya za kweli, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Alikuwa akimficha mwanawe ili asimtie hofu, na kumbe alimnyima kitu alichokihitaji. Akalia kidogo. Kisha akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Ridhwan, nitakwenda kwa Mahfoudh."

"Kufanya nini?"

"Kubadilisha lile jibu."

Ridhwan alitupa kiatu chini. "Mama! Yusra umeshamwambia, umefanya la maana. Lakini bima ya nini kuigusa? Ukiigusa huendi! Na sasa ndiyo anakuhitaji zaidi!"

*

Jumamosi kiofisi kilikuwa kimejaa tena. Safari hii palikuwa na mwanamke mnene wa makamo aliyekuja kukata bima ya duka, na vijana wawili wa pikipiki. Mahfoudh alimwona Bi Tabia akasimama, maana kazi kafundishwa, na adabu pia alifunzwa kwao.

"Shikamoo, Bi Tabia. Umekuja kwa heri?"

"Marahaba. Nimekuja kusema kweli. Ile fomu yangu si sahihi, nina presha."

Mahfoudh aliangaza huku na huku, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanong'ona. "Mama, haya mambo tungezungumza pembeni."

"Ala! Leo kuna pembeni? Juzi ulinisomea mimba zangu mpaka kwa wauza mchele wakasikia. Sasa sikiliza na wewe. Nina presha. Nimeharibu mimba mbili. Usiku naamka kwenda chooni, na nikiamka sipati tena usingizi. Andika."

Vijana wa pikipiki walitazama ukuta. Yule mwanamke wa duka akapiga paja lake. "Hata mimi, shoga! Hicho choo cha usiku ndicho kinachoniua."

"Lakini Bi Tabia," alisema Mahfoudh, "bima unayo mkononi. Hakuna anayekuuliza tena. Kampuni haiangalii mambo hayo mpaka siku ukienda kudai."

"Ngoja. Rudia hapo."

"Yaani... ukilazwa kule, ndipo wanapoitisha faili lako la zamani. Wakikuta uliugua kabla, basi..."

"Basi hawalipi."

"Hawalipi."

"Kwa hiyo nikiwa mzima mnachukua pesa, nikianguka ndiyo mnaanza kuniuliza?"

"Si mimi, mama. Kampuni."

"Wewe ndiye uliyebonyeza, na ulijua. Kijana wangu alikwambia ninakunywa vidonge, ukamwambia aandike hapana." Bi Tabia hakuwa amekaa, na kiti alichosogezewa alikisukuma kwa goti. "Na hospitali ya watu atailipa nani? Atalipa Anwar, mpakia mikate, mke wake yuko kitandani na mtoto mchanga. Niende kumsaidia mwanangu au niende kumfilisi? Futa hiyo, Mahfoudh. Futa uandike nilivyo."

"Watakukatalia."

"Wanikatalie nikiwa mimi."

Mahfoudh akaandika. Aliandika na mimba mbili, na choo, na jina la vidonge, na siku alizolazwa. Alipomaliza alikuwa ameloa shingo. Bi Tabia alisoma kila mstari mwenyewe, miwani puani, wateja wakimngoja, halafu akatia saini ile ile aliyotia miaka yote kwenye hundi za watu posta.

*

Kampuni haikuchelewa. Ilikubali kumkatia bima Bi Tabia kwa bei iliyopanda, ila presha iliitoa, na chochote kitakachotokana na presha. Moyo, kiharusi, figo, vyote nje. Ridhwan aliisoma karatasi akaiweka mezani.

"Haya, watakutibu ukiumwa na jino. Watu wa viza hawaichukui hii, mama. Wanataka isiyotoa kitu. Usijisumbue hata kupanda boti."

"Miadi ni yangu, na nauli yangu. Nitakwenda."

Akaenda. Alipanda boti ya asubuhi, akashuka Dar, akapanga foleni kwenye baridi la kiyoyozi akiwa na sweta lake, na watu wakamtazama lile sweta. Msichana wa dirishani alipekua faili haraka haraka, kisha kidole chake kikasimama.

"Mama, hapa pana kasoro. Bima yako imetoa presha."

"Ndiyo, kwa sababu ninayo."

"Hawapokei hivi. Wanataka bima kamili."

"Nikuulize, mwanangu. Watu wa umri wangu wanaokwenda kulea wajukuu, wasiokuwa na presha, nyinyi mnawapata wapi?"

Msichana aliinua macho. Akasogea karibu na kioo, akasema taratibu, "Wengi hawaandiki, mama. Chukua faili, karekebishe, urudi. Wakala wako anajua."

Huo ulikuwa wema, na Bi Tabia aliutambua. Lakini ndio uliomchoma zaidi. Huyu mtoto wa watu, kwa huruma zake, anamfundisha uongo kama anavyoonyeshwa mtu njia ya choo. Palikuwa na watu nyuma yake, mmoja alishaanza kusonya.

"Pokea hivyo hivyo," alisema Bi Tabia. "Wao ndio wanikatae. Wewe usinikatae."

"Ada hairudi, mama. Utapoteza pesa bure."

"Ningeogopa hilo nisingevuka bahari. Pokea."

Msichana akapiga muhuri, akampa risiti. Bi Tabia aliikunja, akavua sweta pale pale mbele ya watu, akalitia mkobani, akaondoka.

*

Yusra hakumpigia mama yake siku kadhaa. Habari zilikuja kwa Anwar, naye alizipeleka kwa Ridhwan, maana mkwe na mkwe wana staha zao. Walikwenda hospitali siku ile ile ya Ijumaa. Mkunga aliposikia habari ya kuanguka jikoni aliinuka akamwita daktari. Wakapima mkojo, wakapima damu, wakamlaza. Daktari aliwaambia kama wangesubiri hiyo wiki ijayo, yeye asingeahidi kitu. Yusra aliwekwa chini ya macho usiku na mchana, na presha ilipokataa kushuka wakamtia dawa ya uchungu kabla ya siku zake. Alizaa mtoto wa kike, mdogo, mwekundu, mwenye kelele.

Jibu la viza lilikuja wiki hiyo hiyo ya uzazi. Ridhwan alilichukua bandarini, lilikoletwa na boti ya Dar, na alivyopanda ngazi tu mama yake alijua, maana alipanda taratibu.

"Wamekataa," alisema. "Bima haikukidhi." Alikaa kwenye ngazi ya mwisho, akashika kichwa. Alikuwa na hasira, na hasira zake zilikuwa na majonzi ndani yake. "Nilikwambia, mama. Ungelinyamaza saa hizi ungelikuwa huko."

"Ningelinyamaza ningelikuwa huko, ndiyo. Lakini kunyamaza kwangu kulitaka kunikoshesha maiti ya dada yako."

Ridhwan aliinuka, akaenda jikoni, akamtilia mama yake chai.

"Mwambie Mahfoudh atafute kampuni nyengine," alisema Bi Tabia akipokea kikombe. "Kuna nyingi. Na kila moja aipelekee fomu ile ile, asibadilishe nukta."

"Na arobaini je? Mpaka kampuni ijibu, mpaka miadi, arobaini itakuwa imekwisha."

"Arobaini haiombi viza," alisema mama yake. "Yusra anatoka lini hospitali?"

*

Alitoka Jumamosi. Asubuhi ya Jumapili simu ilisimamishwa sebuleni Mkunazini juu ya pipa la mchele, imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na kwenye kioo chake akaonekana Yusra kitandani, macho yamemwingia ndani, mtoto kifuani. Walitazamana mama na mwana.

"Ulinificha, mama," alisema Yusra.

"Nilikuficha. Nilikosa. Unisamehe."

Mama wa Kiunguja kumwomba radhi mwanawe namna hiyo, wazi wazi, si jambo la kila siku. Yusra alilia, na mtoto akaamka akalia naye, na Bi Tabia akawaacha walie mpaka watosheke.

"Sasa basi," alisema. "Yuko wapi mumeo?"

"Yuko jikoni. Anaona haya kukutazama."

"Mwite. Anwar!"

"Naam, mama," ilijibu sauti. Akaingia kwenye kioo nusu bega, uso upande.

"Anwar mwanangu, mimi na wewe tuna heshima zetu, na zitabaki palepale. Lakini mke wako yuko uzazini, mimi wamenizuia, mama yako Mungu amrehemu hayupo. Umebaki wewe. Haya utaziweka kabatini kwa arobaini hizi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Maji ya moto yapo? Uji umepika?"

"Nimepika. Pilipili manga nimetia."

"Ahsante. Sasa chukua kanga ile ndefu, uikunje mara mbili. Leo unamfunga mkaja, tumbo lirudi mahali pake."

Anwar alitazama huku na huku. "Sijui, mama. Kwetu hayo wanaingia wanawake tu, sisi tunatolewa nje."

"Ndiyo maana nakuonyesha. Ridhwan! Njoo ulale hapa mkekani."

Ridhwan aliyekuwa akichungulia kutoka mlango wa jikoni aliruka. "Mimi? Mama, mimi mwanamme!"

"Leo wewe mzazi. Lala, vuta shati juu."

"Wallahi akiniona mtu..."

"Nani atakuona? Dada yako kavimba miguu mpaka viatu vimemkataa, wewe unaona haya ya tumbo lako? Lala."

Ridhwan akalala, mkono machoni. Yusra, kitandani kwake, alianza kucheka, akajishika tumbo kwa maumivu, akazidi kucheka. Bi Tabia alipiga magoti, akapitisha kanga chini ya kiuno cha mwanawe, akaileta mbele, akaigeuza simu kidogo ili mkwewe aone vidole vyake. Dirishani palisikika majirani wakiulizana hapo kwa Bi Tabia leo kuna nini. Hakujali.

"Tazama. Unaanza chini, kwenye mifupa ya nyonga, unapanda juu. Mwambie atoe pumzi. Hapo. Sasa vuta."

Anwar alikunja mikono ya shati, akainama juu ya mkewe. Mikono yake mikubwa iliyozoea makreti ya mikate ilivuta kanga kidogo kidogo.

"Namwumiza, mama."

"Anaumia, Yusra?"

"Siumii," alisema Yusra. "Imelegea."

"Umesikia? Imelegea," alisema Bi Tabia, naye akavuta ncha zake mpaka Ridhwan akaguna mkekani. "Kaza, Anwar. Kaza tena. Na kesho wakati kama huu uniite, tufunge upya."